Hodi kwenye Milango ya Fahamu

Kiswahili huziita hisi tano za mwili milango ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Anayelala huirudisha milango hiyo bila kuifunga kwa komeo, ndiyo maana kilio cha mtoto humwamsha mama. Anayezimia hufungiwa yote kwa pamoja. Lugha yenyewe imekwisha kuchora picha: kuna nyumba, kuna milango, na kuna mtu ndani. Mtu huyo ni nani, anakaa wapi na huondoka lini, hayo ndiyo maswali yanayowakutanisha daktari na padri, mwuguzi na mchungaji, mama mkwe na mzee wa ukoo kando ya kitanda kimoja cha hospitali huko Butembo na Beni, miji ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo.

Wasomi wengi wa Kivu Kaskazini hukutana na jambo hili kwanza darasani, kwa Kifaransa, nacho kina neno moja, conscience, kwa mambo mawili. Kiswahili huyatenganisha. Fahamu ni hali ya kuwa macho na kujijua. Dhamiri ni sauti ya ndani inayolihukumu tendo. Mgonjwa wa malaria aliyezimia amepoteza fahamu, wala dhamiri yake haina doa. Aliyechoma kijiji usiku alikuwa na fahamu timamu. Utengano huo una faida kubwa, kwa maana mahubiri mengi na hata baadhi ya vitabu vya tiba huchanganya mambo haya mawili, na mgonjwa akaishia kutubu badala ya kutibiwa. Hapa linalojadiliwa ni fahamu.

Mwuguzi anayempokea mgonjwa aliyezimia huanza kwa kupiga hodi. Huinama karibu na sikio akaita, kwa Kiswahili cha huko: “Papa, unanisikia? Jina yako nani?” Asipojibiwa huita kwa sauti zaidi, kisha hushika bega, kisha hubana ukucha kwa kalamu. Kila hatua ni hodi katika mlango mwingine. Anachokiandika kwenye karatasi ni kipimo kilichotungwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti: alama 4 za macho, 5 za maneno, 6 za mwendo wa viungo. Mtu mzima aliye macho sawasawa hupata 15. Hakuna apataye chini ya 3, hata maiti. Anayepata 8 au pungufu yuko katika koma, na koo lake haliwezi kuaminiwa kujilinda dhidi ya mate na matapishi.

Alama 5 za maneno hutolewa kwa anayejua yeye ni nani, yuko wapi na sasa ni wakati gani. Kwa Wanande, walio wengi katika miji hiyo, swali la jina lina uzito wa pekee, maana jina hueleza nafasi ya mtu kabla hajatenda lolote: Kambale ni mwana wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Masika ni binti wa kwanza. Mgonjwa anayefumbua macho na kusema “Kambale” amekwisha kumtaja na kaka aliyemtangulia. Lakini wodi moja yaweza kuwa na akina Kambale watatu, kwa hiyo mwuguzi huendelea: Kambale gani? Mwana wa nani? Umetoka Lubero au Oicha? Leo siku gani? Kila jibu linalofika ni dalili kwamba mwenye nyumba amesogea karibu na mlango.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kuulizwa hivyo. Ndiyo sababu, mwaka 1989, madaktari waliokuwa wakifanya kazi Blantyre, Malawi, walichapisha kipimo kingine kwa ajili ya watoto wenye malaria ya ubongo. Kina alama 5 tu: 2 za kujibu maumivu kwa mkono, 2 za kilio, na 1 ya macho. Ile moja hutolewa mtoto akiufuata uso wa mama yake kwa macho. Katika tiba nzima ni vigumu kupata kipimo kilicho rahisi na chenye utu kama hicho: mama husogezwa taratibu kutoka upande mmoja wa kitanda hadi wa pili, na chumba kizima hutazama macho ya mtoto. Anayepata 2 au chini ya hapo yuko katika koma.

Kinachotokea ndani ya kichwa chake kinajulikana kwa sehemu. Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzifanya zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Sukari ya damu hushuka, degedege huanza, na kwa baadhi ya watoto ubongo huvimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa Blantyre kwa mashine ya picha za sumaku, ulionesha kwamba uvimbe mkubwa ndio uliowatofautisha kwa kiasi kikubwa waliokufa na waliopona: uvimbe huligandamiza shina la ubongo, na mtoto huacha kupumua. Shina hilo ndilo Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walilolionesha mwaka 1949 kuwa lina mtandao unaouamsha ubongo wote. Likiguswa, aliyelala huamka. Likiharibiwa, hata ubongo mzima uliobaki salama hauwezi kukesha.

Beni, iliyo chini na karibu na msitu, ina joto na mbu wengi kuliko Butembo iliyo juu milimani, zaidi ya kilomita 50 kusini yake. Mtoto akianza kukakamaa usiku katika bonde, familia ina mambo mawili ya kuamua kabla ya mapambazuko: ni nini hiki, na apelekwe wapi? Katika pwani ya Tanzania neno degedege lenyewe limefungamana na ndege, na wengi waliamini kwamba ndege wa kipepo amempitia mtoto na kwamba sindano ingemwua. Imani hiyo haikuzuka hewani. Mtoto aliyechelewa hupelekwa hospitali akiwa mahututi, hudungwa sindano, hufa. Jirani hukumbuka sindano, hakumbuki siku mbili zilizopotea. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2010, la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, lilionesha kwamba sindano ya artesunati ilipunguza vifo hadi asilimia 8.5, wakati kwinini ilikuwa na asilimia 10.9. Hapo sala na sindano hazishindani. Kinachoshindana na uhai wa mtoto ni saa.

Kifafa ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa hakimalizwi usiku mmoja. Sikio la msemaji husikia kufa ndani ya neno hilo, na kweli anayeanguka huonekana kufa na kufufuka: ukelele, macho kugeuka, mwili kukakamaa, povu, kisha usingizi mzito, kisha mtu anayeuliza kwa nini wote wanamtazama. Katika mlango mmoja wa kanisa hali hiyo itaitwa pepo, na katika mlango wa zahanati ya jirani itaitwa mlipuko wa umeme katika seli za ubongo. Wanaoogopa kwamba povu linaambukiza humwacha aungue palepale alipoangukia, kati ya mafiga matatu. Makovu ya moto kwenye mikono na nyuso za wagonjwa wa kifafa ni ushahidi wa woga wa majirani kuliko wa ukali wa ugonjwa.

Historia ya kipimo kinachoutambua umeme huo inafaa kuelezwa mbele ya watu wa sala, maana kilizaliwa kutokana na swali lao. Hans Berger, Mjerumani, alikuwa kijana wa jeshi alipoanguka kutoka juu ya farasi mbele ya mzinga uliokuwa ukivutwa na akanusurika kusagwa. Jioni ileile ilifika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake: dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameingiwa na hofu kwamba kuna jambo limempata. Berger aliamini kuwa roho yake ilikuwa imemfikia dada, akaacha masomo ya nyota na hesabu, akawa daktari wa akili ili aitafute nguvu iliyosafirisha habari ile. Mwaka 1924, huko Jena, alinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme wa ubongo kutoka katika kichwa cha mtu, akayachapisha mwaka 1929. Habari ya dada yake hakuipata humo. Mawimbi hayo ni dhaifu mno kuvuka chumba, sembuse nchi. Alichokipata ni chombo ambacho hadi leo huonesha kifafa kwa mistari ya mawimbi. Swali la roho lilizaa chombo cha tiba, na chombo hakikulijibu swali. Hakuna aibu kwa upande wowote katika hilo.

Tiba ya kifafa Afrika Mashariki ina mfano wake mzuri Mahenge, kusini mwa Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki karibu na mwaka 1960. Wagonjwa aliowakuta wengine walikuwa wametengwa, wakilala na kula peke yao. Alitumia fenobabito, dawa ya bei ndogo, na watu waliokuwa wakianguka kila wiki wakarudi mashambani. Alieleza pia watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kama wanaosinzia, hali iliyokuja kuonekana tena Sudani Kusini na kaskazini mwa Uganda. Katika Ituri, jirani wa kaskazini wa Beni, watafiti wameonesha kwamba kifafa kimejaa penye mito ya kasi na inzi weusi waenezao usubi, ugonjwa uleule unaopofusha. Tegu wa nguruwe, viluwiluwi vyake vikifika kichwani, huleta kifafa pia. Choo safi, nguruwe aliyefungiwa na ivamektini, dawa ya usubi, vimo basi katika orodha ya vitu vinavyofukuza kinachoitwa pepo.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa. Katika nchi maskini wengi hawaipati. Wengine huipata kisha huambiwa katika chumba cha maombi waiache ili waoneshe imani. Hili linapaswa kusemwa waziwazi: kuacha fenobabito ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa mishtuko usiokatika, nao huua. Mchungaji anayemwombea mgonjwa huku akimkumbusha kumeza kidonge hajapungukiwa na imani. Aliyeanguka alazwe kwa ubavu, kichwa kiwekewe kitu laini, kinywani kisitiwe kijiko wala kidole. Mshtuko ukizidi dakika tano, atafutwe pikipiki ya kwenda hospitali.

Hadi hapo sayansi imeeleza jinsi milango inavyofungwa na kufunguliwa. Kuhusu aliye ndani, mambo yalibadilika mwaka 2006. Adrian Owen na wenzake, huko Cambridge, walimweka katika mashine ya picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 ambaye baada ya ajali ya barabarani alifumbua macho bila kujibu lolote kwa miezi mitano. Waliposema naye, wakimwomba ajione akicheza tenisi, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo ziliwaka kama za mtu mzima wa afya. Walipomwomba atembee kwa mawazo katika vyumba vya nyumba yake, zikawaka nyingine. Alikuwa nyumbani, milango tu ndiyo ilikuwa imekwama. Mwaka 2024 uchunguzi wa vituo kadhaa vya Marekani na Ulaya ulitoa hesabu: kati ya wagonjwa 241 wasiojibu amri yoyote kwa nje, 60, yaani mmoja kati ya wanne, ubongo wao ulijibu.

Mashine hizo haziko Beni, lakini somo lake halihitaji mashine. Wauguzi wazee hukemea wanaozungumzia mazishi mbele ya aliyezimia, na kinamama hukaa kitandani wakimsimulia habari za nyumbani: mbuzi amezaa, shangazi amefika kutoka Kasindi. Desturi hiyo iliwahi kuonekana kuwa huruma tupu. Hesabu ya 2024 imeipa msingi.

Lakini kuona ubongo ukiwaka si kuona kinachohisiwa na mwenye ubongo. Mwanafalsafa David Chalmers alilipa fumbo hilo jina mwaka 1995 alipolitenganisha na mafumbo mepesi zaidi: inaweza kuelezwa jinsi jicho linavyopokea wekundu wa buni zilizoiva na jinsi ubongo unavyoutofautisha na ukijani, na bado isielezwe kwa nini kuona wekundu kuna ladha yake kwa anayeona. Mwaka 1998 aliwekeana dau na mtaalamu wa ubongo Christof Koch, aliyeamini kwamba katika miaka 25 ingepatikana alama ya wazi ya fahamu ndani ya ubongo. Juni 2023, New York, Koch alikubali kwamba ameshindwa akamkabidhi mwenzake mvinyo alioahidi. Nadharia mbili kubwa, moja inayoiona fahamu kama habari inayotangazwa kwa ubongo mzima na nyingine inayoiona kama kiasi cha habari iliyoshikamana, zilikuwa zimepimwa pamoja, na hakuna iliyotoka bila jeraha.

Pengo hilo lisijazwe kwa haraka na mtu wa dini. Wapo wanaosema: sayansi imeshindwa, kwa hiyo roho ipo. Hoja hiyo ni mbovu, na imani ya Wakristo wa Butembo haikujengwa juu yake. Waassomption, watawa Wakatoliki, walifika Kongo mwaka 1929, wakafundisha katika milima hiyo theolojia inayomfuata Thoma wa Akwino, ambaye katika karne ya 13 alikataa kuiona roho kama dereva ndani ya gari. Kwake roho ni ile inayoufanya mwili uwe mwili ulio hai. Mtu si roho iliyovaa nyama. Kwa fundisho hilo, kidonge kinachotuliza ubongo hakiigusi roho kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mtu ni mmoja. Kwa Waislamu wachache wa Beni na Butembo, Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliacha fumbo lingine: mtu aliyeumbwa mara moja akiwa anaelea hewani, haoni, hasikii, viungo vyake havigusani, hata hivyo anajua kwamba yupo. Milango yote imefungwa, na mwenye nyumba anajijua. Mgonjwa wa Owen anakumbusha fumbo hilo, ingawa hathibitishi kwamba roho yaweza kukaa bila ubongo. Ubongo wake ulikuwa ukifanya kazi, ndiyo maana ulionekana.

Mafundisho ya wazee wa Kinande hayafai kuingizwa katika vitabu vya wageni bila tahadhari. Placide Tempels, mmisionari wa Kifransisko, alichapisha mwaka 1945 kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu chenye wazo la nguvu-uhai, akitumia aliyoyaona kwa Waluba wa Katanga kisha akawavisha Wabantu wote. Paulin Hountondji wa Benin alimpinga, na kwa haki: falsafa haiwi mali ya kabila zima kimyakimya. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kidogo lakini kina uzito. Mwumba huitwa Nyamuhanga, jina lililobaki katika sala za Kikristo. Waliokufa hawakutoka katika familia, na mtu huhesabiwa pamoja na waliomtangulia. Kwa mtazamo huo swali la fahamu huulizwa kwa namna nyingine: si “nani yumo ndani?” bali “nani anaitwa na nani anaitika?”

Namna hiyo ya kuuliza ilijaribiwa vikali kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, karibu na Beni. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katika vituo vingi mgonjwa aliingia nyuma ya ua wa plastiki, akahudumiwa na watu waliofunikwa hadi macho, na mara nyingi akatoka ndani ya mfuko. Familia nyingi hazikuweza kumwita mgonjwa wao wala kumsikia akiitika. Uvumi na hasira vilivyofuata vilikuwa na sababu nyingi, za siasa na za vita, lakini hiyo ilikuwa mojawapo na haikustahili kudharauliwa.

Beni ndiko shirika la ALIMA lilikotumia chumba cha kuta angavu kilichoitwa CUBE. Mgonjwa alilala ndani; mikono mirefu ya plastiki iliyoshonewa ukutani ilimruhusu mwuguzi kumhudumia bila kuvaa vazi zito; na ndugu walisimama hatua moja nje, wakiona kifua kikipanda na kushuka. Waliweza kuita. Wakati huohuo waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliwabeba na kuwabembeleza watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hapo Beni, Butembo, Katwa na Mangina jaribio lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe lilionesha, Agosti 2019, kwamba dawa mbili za kingamwili zinaokoa. Ukuta angavu haukuua kirusi hata kimoja. Uliwafanya ndugu waamini kwamba ndani kuna mgonjwa, si kafara.

Linabaki suala la wafu, ambalo Beni, inayohesabu mauaji ya raia tangu Oktoba 2014, haiwezi kuliruka. Wajane na yatima husema: amenijia, nimesikia akifungua mlango, ameniita jina langu jioni. Mgeni aliyesomea magonjwa ya akili anaweza kushika kalamu haraka. Afadhali akumbuke Wales, ambako daktari Dewi Rees alichapisha mwaka 1971 matokeo ya mahojiano na wajane 293, wanawake kwa wanaume. Karibu nusu yao, asilimia 46.7, walikuwa wamehisi kuwapo kwa mwenzi aliyefariki, au kumwona, au kumsikia, na wengi walifarijika. Hawakuwa wagonjwa. Rees hakusema kama wafu walikuwapo kweli au la; kipimo chake hakikufika huko, na hakuna kipimo kinachofika.

Kazi ya mwuguzi basi ni kutenganisha. Huuliza kama mama anakula, kama analala, kama bado anakwenda shambani, kama sauti humwamuru kujidhuru au kumdhuru mwingine, kama humrudisha kila usiku katika saa ya shambulio hadi mikono itetemeke mchana. Majibu hayo yakiwa mabaya, dawa na mshauri wanahitajika, na padri mwenye busara atampeleka mwenyewe. Yakiwa mazuri, hakuna cha kuandika kwenye karatasi. Wengi wa wajane wa Wales walikuwa hawajamwambia mtu yeyote, baadhi wakiogopa kuchekwa. Beni husemwa asubuhi inayofuata, maharagwe yakipepetwa uani, na jirani huuliza tu: alisema nini?